Pikipiki Ikikataa Kuwaka: Tazama Waya Kabla ya Kubadilisha CDI

Ndugu mkulima, katika skimu nyingi za makazi pikipiki sasa ni chombo cha kazi kama jembe na panga. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini isiyofika 250cc, na tangu hapo zimeenea mpaka kwenye mashamba yaliyo mbali na barabara ya lami. Pikipiki ndiyo inayopeleka mkebe wa maziwa kwenye chama cha ushirika, ndiyo inayoleta mbolea, na usiku ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali. Basi ikikataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri, hasara huanza saa hiyo hiyo, kwa maana maziwa hayangoji.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwenye pikipiki anabonyeza kitufe cha stata na haisikiki sauti yoyote. Mtu aliye karibu anasema, "CDI imekufa." Kisanduku kipya kinanunuliwa na kufungwa, na pikipiki bado iko kimya. Au huwaka siku mbili tatu, kisha hicho kisanduku kipya nacho kinakufa. Pesa zimekwenda mara mbili, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Ng'ombe akipunguza maziwa, hukimbilii sokoni kununua ng'ombe mwingine. Kwanza watazama malisho, maji na chuchu zake. Ndivyo yafaavyo kufanya kwa pikipiki pia. Mwezi huu twaeleza namna ya kutafuta ubaya mahali ulipo, na namna ya kufunga kisanduku kipya iwapo ni lazima.

NJIA MBILI ZA UMEME

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba umeme wa kuwasha pikipiki hupita katika njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya stata, yaani mota inayozungusha injini. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, kitufe cha stata, na katika pikipiki nyingi swichi ndogo ya klachi au ya gia, ndipo hufika kwenye relei. Relei ni kama mlango wa mfereji. Ikipata umeme huo mdogo, hufunguka na kuruhusu umeme mwingi upite katika waya mnene kutoka betri mpaka kwenye mota ya stata.

Njia ya pili ni ya cheche. Hapa ndipo ilipo CDI, kisanduku cheusi kidogo kinachokaa chini ya kiti au nyuma ya ubavu wa plastiki. Ndani yake umeme hukusanywa mpaka ufike volti 200 au zaidi, kisha huachiliwa kwa ghafula uende kwenye koili. Koili huukuza ukawa maelfu ya volti, nao huruka kwenye plagi kama cheche. Kitambuzi kilicho kando ya magneto ndicho kinachokiambia kisanduku wakati wa kuuachilia.

Kwa hiyo kumbuka neno hili: katika pikipiki hizi za kawaida, stata isipozunguka kabisa, ubaya kwa kawaida hauko katika CDI. Na pikipiki ikisukumwa ikawaka, basi cheche ipo, na CDI inafanya kazi. Tafuta ubaya katika njia ya stata.

SIKILIZA PIKIPIKI INASEMA NINI

Tia gia nyutro, shika klachi, hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia injini haiko mahali pa kuzima, na kama pikipiki yako ina swichi ya stendi ya pembeni, pandisha stendi. Washa ufunguo, bonyeza kitufe cha stata, kisha sikiliza.

1. Kimya, na taa ni hafifu au hazipo: tazama betri, vifungo vyake na fyuzi.

2. Kimya, lakini taa zawaka vizuri: tazama kitufe chenyewe, swichi ya klachi, swichi ya nyutro, na waya mwembamba unaokwenda kwenye relei.

3. Sauti ya ta-ta-ta ya haraka: betri ni dhaifu, au vifungo vyake vimelegea au vimeota kutu.

4. Sauti moja tu ya "tak", na mota haizunguki: relei imeungua ndani, waya mnene umelegea, au brashi za mota zimekwisha. Yawezekana pia injini yenyewe imekwama.

5. Mota yazunguka kwa nguvu, lakini injini haishiki: tazama petroli kwanza, kisha cheche. Hapa ndipo CDI yaweza kushukiwa.

ANZA NA BETRI

Tafuta mita ya kupimia umeme. Vijana wengi wa karakana wanayo, na wakulima wachache wakichanga wanaweza kununua moja ya kutumia pamoja. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, haina kitu. Ichajiwe kwanza kabla ya kulaumu kifaa kingine.

Kisha mwambie mwenzako abonyeze stata huku ukisoma mita. Betri nzuri haifai kushuka chini ya volti 10 hivi. Ikisoma 12.6 ikiwa imepumzika, kisha ikaanguka hadi 7 au 8 stata inapobonyezwa, betri hiyo ni kama gunia la mahindi yaliyoliwa na dumuzi: nje limejaa, ndani ni unga mtupu.

Safisha vifungo vya betri kwa brashi mpaka chuma kionekane, vikaze, kisha vipake vaselini kidogo ili kutu isirudi.

FUATA WAYA KAMA UNAVYOFUATA MFEREJI

Mkulima wa Mwea au Perkerra akiona maji hayafiki shamba la chini, haendi kulaumu mimea. Huanza mahali maji yanapoingilia, akafuata mfereji hatua kwa hatua mpaka aone palipobomoka. Fanya vivyo hivyo kwa umeme. Pima kwenye betri, kisha upande wa pili wa fyuzi, kisha baada ya swichi ya ufunguo, kisha baada ya kitufe. Mahali volti inapopotea, ubaya uko kati ya hapo na mahali ulipopima mwisho.

Tazama hasa mahali hapa:

Shingoni mwa usukani. Waya hukunjwa kila unapopinda kushoto na kulia, mwishowe hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana nje. Washa taa, pinda usukani pole pole, na utazame kama taa zinapepesa.

Chini ya kiti na chini ya tangi. Waya husuguliwa na chuma mpaka ngozi yake ikaisha. Ukigusa chuma, fyuzi hukatika.

Waya wa ardhi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka injini na fremu mpaka upande hasi wa betri. Huu husahauliwa sana. Weka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi una kutu au umelegea. Usafishe na kuukaza.

Mahali palipoungwa vitu vya nyongeza. Redio, taa za mapambo, kengele ya wezi na soketi ya kuchajia simu mara nyingi huungwa kwa kuchuna waya na kusokota. Viondoe kwa muda, kisha ujaribu tena.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa. Usitie waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi. Ukimfunga mlinzi mdomo, moto utaingia nyumbani bila kelele.

IKIWA HAKUNA CHECHE

Fungua plagi, irudishe ndani ya kofia yake, kisha ilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini vizuri, mbali na tundu ilimotoka. Zungusha injini na utazame. Usifanye kazi hii penye petroli iliyomwagika, na usishike plagi kwa mkono mtupu. Tena usizungushe injini huku kofia ya plagi ikining'inia hewani bila plagi, kwa sababu umeme usiopata njia huweza kuharibu koili na CDI.

Kama hakuna cheche, jaribu plagi nyingine iliyo nzuri. Kisha chomoa soketi ya CDI na uitazame. Pini zenye kutu ya kijani, maji au matope zimetosha kuzima pikipiki. Zisafishe, uzikaushe, ujaribu tena.

Hapa fahamu kwamba kuna CDI za aina mbili. Moja hupata umeme wake kutoka kwenye magneto, nayo yaweza kuwasha injini kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Ya pili hupata umeme kutoka kwenye betri. Kwa hii ya pili, washa ufunguo, upime kwenye soketi: waya wa kuleta umeme usome karibu sawa na betri. Usiposoma kitu, kisanduku hakina kosa, kimenyimwa chakula. Kwa aina zote mbili, pima waya wa ardhi, na waya mbili za kitambuzi. Kipimo cha kitambuzi hutofautiana, basi kisome katika kitabu cha pikipiki yako. Waya hizi za kitambuzi zipimwe kwa mita tu, si kwa balbu.

Umeme ukifika, ardhi ikiwa nzuri, kitambuzi na koili zikiwa nzima, na bado hakuna cheche, sasa una haki ya kusema CDI imekufa. Usiazime kisanduku cha jirani kwa kujaribia kabla ya kupima hayo yote. Ubaya uliokiua chako utakiua na chake, na utakuwa na deni la pili.

KUFUNGA KISANDUKU KIPYA

Nenda dukani na kisanduku cha zamani mkononi. Linganisha nambari iliyoandikwa na jina la pikipiki. Usidanganywe na soketi inayoingia vizuri. CDI ya magneto na CDI ya betri zaweza kufanana kwa sura na kuwa na pini sawa, lakini kazi za pini zikawa mbali kabisa. Uliza pia, kabla ya kulipa, kama duka hupokea kifaa cha umeme kilichorudishwa, na uchukue risiti.

Usiamini rangi za waya peke yake. Katika pikipiki zinazofuata mpango wa Honda, waya wa ardhi ni wa kijani, na mweusi wenye mstari wa manjano huenda kwenye koili. Katika mpango wa Kawasaki, mweusi wenye mstari wa manjano ndio wa ardhi. Fundi aliyezoea mpango mmoja, akikata na kuunga kwa mazoea katika mwingine, ameunguza kifaa kabla ya injini kuzunguka.

Fanya kazi kwa utaratibu huu:

1. Zima ufunguo. Fungua waya hasi wa betri kwanza, ndipo waya chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa fremu, moto utaruka.

2. Piga picha ya soketi na waya kwa simu yako kabla ya kuchomoa chochote.

3. Chomoa kwa kushika soketi, si kwa kuvuta waya.

4. Weka kisanduku kipya ndani ya mpira wake, mahali pasipo maji wala joto la injini.

5. Rudisha waya chanya kwanza, na waya hasi mwisho.

6. Washa ufunguo, tazama taa, kisha bonyeza stata kwa muda usiozidi sekunde 5. Isiposhika, pumzisha nusu dakika kabla ya kurudia.

Injini ikiwaka, kazi haijaisha bado. Pima betri huku injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Mita isome kati ya volti 13.5 na 14.8 hivi. Ikizidi 15, zima mara moja, kwa maana regyuleta imeharibika, na huenda ndiyo iliyoua kisanduku cha kwanza. Ikiachwa itakiua na hiki.

MAMBO YANAYOUA CDI

Kuendesha pikipiki bila betri. Umeme wa magneto huweza kupanda kupita kiasi ukaunguza CDI na balbu.

Kuchomelea chuma. Wakulima wengi huongezewa keria ya kubebea mikebe ya maziwa. Kabla ya fundi kuwasha mashine ya kuchomelea, fungua waya za betri na uchomoe CDI. Dakika 5 za kazi hii zaokoa kisanduku kizima.

Kuosha kwa mashine ya maji ya nguvu chini ya kiti na kwenye swichi.

Ikiwa pikipiki yako ni ya zile mpya zinazopuliza petroli kwa umeme, kisanduku chake hufanya kazi nyingi zaidi ya cheche. Betri, fyuzi na waya wa ardhi waweza kuvitazama mwenyewe kama tulivyoeleza. Yaliyobaki mwachie fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwezi, siku isiyo na kazi nyingi, fungua kiti, kaza vifungo vya betri, na tazama waya zinazosuguliwa. Funga kwa mkanda palipoanza kuchunika. Kazi hiyo haifiki nusu saa, nayo ni nafuu kuliko mkebe mmoja wa maziwa uliochacha.