Nyati Aliyeishi Kabla ya Korongo

Sisi wachora mabango wa Bariadi hatuchagui kazi. Leo jina la duka la pembejeo, kesho mkasi na kitana mlangoni kwa kinyozi, keshokutwa chui ubavuni mwa basi. Kwa hiyo shule moja ya upande wa Binza iliponiomba niwachoree ukutani wanyama wa kale wa Olduvai, nilikubali kabla hata hatujaelewana bei. Huko si ugenini: ukiimaliza Serengeti kuelekea mashariki, umekaribia.

Nilianza na Pelorovis, jamaa wa nyati na ng'ombe, ambaye mabaki yake ya Olduvai yana zaidi ya miaka milioni moja. Jina alipewa na Mjerumani Hans Reck mwaka 1928. Katika fuvu lake, mfupa wa kila pembe una urefu wa mita moja hivi, umepinda nusu duara. Asiyefuga atachora pembe kwa urefu huohuo. Msukuma hawezi. Nenda machinjioni, omba pembe ya dume, iache ioze wiki kadhaa, kisha igonge chini: ganda linachomoka lote, ndani unabaki mfupa mfupi wenye vitundu. Ncha yote ilikuwa ya ganda, na ganda huoza, haligeuki jiwe. Basi Pelorovis akiwa hai pembe zake zilizidi sana zile tunazozipima leo. Wapo wataalamu wanaosema huenda zilifika mara mbili. Za kwangu nilizirefusha mpaka zikagonga fremu ya dirisha.

"Fundi, mbona umempaka kahawia? Nyati si mweusi?" mwalimu akaniuliza.

"Mwalimu, ngozi yake hakuna aliyeiona. Na hata hawa wa Maswa, ukiwakuta wametoka kugaagaa kwenye tope, weusi utautafuta."

Alicheka, lakini rangi hakuipenda.

Mnyama mwenyewe, kusema kweli, hakunisumbua. Kilichonisumbua ni nyuma yake. Mwalimu alitaka kuta za korongo zile za kwenye picha za watalii, na Kilimanjaro yenye theluji kwa mbali. Nikakataa vyote viwili. Korongo lilichimbwa na mto baadaye sana, ukikata tabaka zilezile zilizokuwa zimekwisha kuifukia mifupa. Enzi za wanyama hao pale palikuwa bonde pana lenye ziwa la magadi, linajaa na kunywea, na chemchemi za maji baridi pembeni. Kilele cha Kibo hakijafikisha miaka milioni moja, wala Oldoinyo Lengai. Milima ya Ngorongoro ilikuwepo, hiyo nikaichora. Mifupa ya heroe imepatikana Olduvai, nao nikawapanga ufukweni kwa waridi niliyobakiza kwenye saluni moja.

Hata Nyanza, ziwa letu linalopokea maji ya mto Simiyu, wanajiolojia wengi hulikadiria miaka 400,000 tu. Kabla yake mito ya huku ilitiririka kuelekea magharibi. Nilipowaambia hilo walimu, mmoja aliuliza sato walikuwa wapi.

Mahali ambapo mchoraji anapata ardhi yenyewe, bila kukisia, ni Laetoli, kama kilomita 45 kusini mwa Olduvai. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, wanyama wakapita juu yake, kisha yakagandamana. Zipo nyayo za tembo, faru, sungura, kanga, hata alama za matone ya mvua. Nyayo za watu wa kale zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 ndizo zilizovuma; mwaka 2016 Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao wakatangaza nyingine jirani. Jay Matternes, mchoraji wa Marekani, aliichora njia ile kwa ajili ya jarida la National Geographic mwaka 1979. Namwonea wivu: nani alikanyaga wapi, alikwisha kuonyeshwa.

Ukuta wangu una nafasi moja tu iliyobaki. Ni ya Deinotherium, jamaa wa tembo ambaye meno yake makubwa yalitoka taya la chini yakapinda kuelekea ardhini. Watoto watadai nimeyageuza. Rangi ya kijivu imeisha, na mhasibu wa shule anasema kopo jingine ni mpaka mwezi ujao.