Tumbo Kwanza, Injini Baadaye



Wanakijiji wakichanga fedha za boti, swali la kwanza huwa: "Injini ya nguvu ngapi?" Sisi tunasema swali la kwanza ni tumbo, yaani sehemu ya chini inayokaa majini. Yako ya namna tatu.

La kwanza ni bapa, kama sinia. Halihitaji kina kirefu, na maji yakiwa shwari hutulia. Linafaa Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ambako maji hupungua kiangazi na visiki hujificha chini. Lakini mawimbi hulipiga makofi. Misumari hulegea, maji huingia.

La pili ni la mviringo, kama herufi U. Hupita majini taratibu, injini ndogo hulitosha. Ila huyumba. Tena lina mwisho wa mwendo wake. Ukilifunga injini kubwa, husukuma tu wimbi lake lenyewe, na petroli huisha bure.

La tatu ni kama herufi V. Hukata wimbi. Lakini hudai injini kubwa na mafuta mengi, na huzama zaidi.

Sasa tutazame Ziwa Nyasa. Urefu wake, kusini hadi kaskazini, unapita kilometa 500. Mei hadi Agosti upepo wa mwera husukuma mawimbi mpaka Matema, wilayani Kyela. Huko akina mama Wakisi wa Ikombe hupeleka vyungu soko la Lyulilo kwa mitumbwi, maana Milima ya Livingstone imeshuka hadi majini. Wakitaka boti ya injini, wachague ipi? Bapa itawavunjia vyungu. V itakula faida yote kwa petroli. Basi waanze kufikiria U ndefu, yenye kingo za juu, na mkuku chini wa kupunguza kuyumba. V ni ya penye haraka, kama kumwahisha mgonjwa hospitali.

Je, tumbo zuri linazuia ajali? Peke yake, hapana. Hakuna tumbo linaloshinda mzigo uliozidi. Kila abiria avae jaketi la kuokolea.

Kabla ya kutoa fedha, jiulizeni:

1. Maji yetu yana kina gani? Mawimbi je?
2. Tutabeba nini?
3. Petroli ya kwenda na kurudi italipwa na nani?

Andikeni majibu daftarini. Mkifika kwa fundi, msomeeni. Kalamu mnayo, msikubali kuchaguliwa.