Wavu Rahisi, Mwamba Mgumu

Usiku wa giza, boti za dagaa za Tanga huwasha taa, samaki wakakusanyika kwenye mwanga, wavu wa ringneti ukazungushwa. Kisha inakuja kazi ya kuvuta. Mmoja huongoza wimbo, wengine huitikia, mikono ikaenda kwa pigo moja. Hapa hakuna haja ya kumchunga mwenzako: anayevuta nje ya pigo anajichosha bure. Kinachotakiwa ni ishara tu. Huo ni uratibu. Mwaka 1960 mwanauchumi Thomas Schelling alionyesha kwamba watu wenye nia moja huweza kupatana hata bila kusemezana, mradi ipo alama ambayo kila mmoja anajua wenzake wanaiona.

Mwamba wa matumbawe ni habari nyingine. Mpiga baruti, yule anayevua kwa kulipua, huondoka na samaki leo. Hasara wanaachiwa wote. Mshindo hupasua kibofu cha hewa cha samaki, hivyo wengi huzama na yeye mwenyewe huokota baadhi tu ya aliowaua. Matumbawe huvunjika yakawa kifusi, na kifusi kinachosukumwa huku na huku na maji hakiyapi matumbawe machanga pa kushika. Wimbo hausaidii kitu hapa. Kila mvuvi anajua la kufanya. Anachokosa ni sababu ya kuamini kwamba akijizuia yeye, wengine nao watajizuia. Semina zetu za "kazi ya pamoja" huyachanganya mambo haya mawili kila siku.

Tatizo hilo la pili limepimwa. Mwaka 2000 wanauchumi Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha majaribio ya watu wanaochangia mfuko mmoja. Raundi baada ya raundi michango ilishuka. Waliporuhusiwa kuwaadhibu wategaji, yaani wasiochangia, ikapanda, ingawa kuadhibu kulimgharimu mwadhibu.

Tanga iliyaona hayo baharini. Mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza 1994, kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN, uliwakalisha wanavijiji wakakubaliana kufunga baadhi ya miamba na kufanya doria. Mabomu yakapungua. Doria zilipolegea miaka ya 2000, yakarudi.

Mwaka 2009 mtafiti Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kuonyesha kwamba mali ya wote hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni, wanapochungana wenyewe, na adhabu inapoanza ndogo ikakua.

Basi anayetaka kuvisaidia vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya Tanga asianze na semina nyingine. Aanze na mafuta ya boti ya doria, na ahakikishe kesi ya mpiga baruti ikifika mahakamani inasikilizwa hadi hukumu.