Maharage ya Lushoto Hayataki Haraka

Ukipanda kutoka Mombo ukafika Lushoto na njaa, usikimbilie hoteli ya kwanza uionayo. Mimi niliwahi kukimbilia. Maharage yalikuwa magumu, tumbo likanisokota usiku kucha. Sababu ni mlima wenyewe. Katika kimo cha mita 1,400 hivi, maji huchemka yakifika nyuzijoto 95, si 100 kama kule Tanga pwani, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva. Tangu siku ile huwafuata wapakiaji wa malori ya mboga sokoni. Hao hawana fedha ya kuchezea wala muda wa kuugua. Kwa mama ntilie wao nauliza moja tu: "Mama, maharage umebandika saa ngapi?" Akijibu "alfajiri", naketi.