Kabla ya kutafuta parsele Likasi, panga kwanza

Wengi wetu tukipata kazi, wazo linalofuata ni parsele. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba tunaanza kuzunguka na komisionere, kiisha njo tunaanza kufikiri. Yeye kazi yake ni kuuza: "Mukubwa, kamata leo, kesho mwingine atakamata." Usipokuja na mpango wako, utarudi na wake.

Basi kamata karatasi. Andika yote unayotaka, na kwa kila moja jiulize: nikikosea hapa, nitaweza kutengeneza baadaye? Paa linavuja? Utabadilisha. Vyumba havitoshi? Utaongeza. Lakini kuna vitu viwili ambavyo saruji haiviponyi: udongo na hati. Hivyo vikae juu kabisa.

Udongo. Tuangalie Shinkolobwe, jirani yetu. Urani yake ilitumika katika mabomu ya Marekani ya 1945. Mgodi ulifungwa, lakini baadaye watu walirudi kuchimba kobalti, na kijiji kikakua kando. Januari 2004 rais alikataza uchimbaji. Julai shimo liliporomoka na kuua watu. Agosti kijiji kikabomolewa. Kolwezi nako, mtaa wa Kasulo, kobalti ilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, na 2017 wakaaji wa sehemu ya mtaa wakahamishwa ili kampuni ichukue eneo. Sheria ya migodi ya 2002 inasema wazi: madini ni mali ya serikali, na haki ya kuyachimba ni mbali na haki yako ya juu ya udongo. Kwa hiyo uliza Kadasta ya Migodi kama parsele iko ndani ya eneo la kampuni. Uliza na wazee wa mtaa kama hapo palimwagwa takataka za mgodi au za kiwanda.

Hati. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa serikali. Unachonunua ni haki ya kuutumia, na inayoithibitisha ni sertifika ya uandikishaji. Karatasi ya chifu au risiti ya mauzo haiwezi kukaa pahali pake. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya udongo: jina la sertifika ni la huyu anayeuza? Kuna deni au kesi juu yake?

Vikishapita hivyo viwili, ndipo ufuate maji, umeme na barabara. Pahali ukaone Januari mvua ikinyesha. Julai kila barabara ni nzuri. Kiisha umbali wa kazi na masomo ya watoto. Nyumba yenyewe inakuja mwisho.

Kama mnanunua wawili, kila mtu aandike orodha yake peke yake, kiisha mlinganishe. Heri mbishane nyumbani kuliko mbele ya muuzaji. Wekeni na kikomo cha makuta, mkibakiza ya kubadilisha hati iandikwe kwa jina lenu.

Muuzaji akikunyima siku za kuhakikisha, amekwisha kukujibu. Na udongo au hati ikianguka mtihani, usianze hata kuhesabu vyumba.