Zima Ngoma, Skiza Ndai

Kila dere wa rika letu hapa Mbale ana dawa moja ya kelele ya gari: kuongeza volyumu. Ndai ikianza kugonga kwa kona, msee anapandisha besi. Ikianza kuvuma ikigusa themanini, anapandisha tena. Siku besi imeshindwa, anaipeleka gereji, anamwambia fundi "inalia huku mbele," anawacha ufunguo na kuhepa. Jioni anapata vitu vinne vimebadilishwa, bili imeshona, na kelele bado iko palepale. Usikimbilie kumuita fundi mwizi. Ulimwachia kazi ya kubahatisha, na yeye akabahatisha na ganji yako.

Mimi nasema hivi, wasee wa Namakwekwe na mitaa zote ziko chini ya mlima Wanale: kabla spana haijaguswa, jua ndai inalia ukifanya nini. Ukikanyaga mafuta? Ukiachilia? Ukikata kona? Ukiwa spidi gani? Hayo maswali hayana bei, na ndiyo hutenganisha tairi na beringi, jointi na propela, difu na maunti. Msee akishika hiyo rada, hata fundi anaanza kumuongelesha na heshima.

Na ndai zetu lazima zilie, tusidanganyane. Sheria ya Uganda ya 2018 ilifungia nje magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yaundwe. Wakenya hapo ng'ambo ya Malaba, mwisho wao ni miaka 8. Kwa hivyo ile Wish imeshuka Mombasa na kuvuka boda ikiitwa "mpya" inaweza kuwa ishakula miaka 14 huko Japani. Injini ya Toyota haina shida na hiyo umri. Shida iko kwa raba: raba za jointi, raba za maunti, raba imeshikilia senta beringi. Raba inazeeka hata gari ikiwa imepakiwa tu. Alafu tunaileta hapa, tunaipitisha njia za ndani za mtaa, mashimo, vumbi, na mvua ya mlimani ikishuka, matope hadi kwa mlango.

Hayo matope ndiyo nataka uanze nayo, juu ni ya bure. Ukitoka ushago baada ya mvua na ndai inatetema usukani kwa lami, chungulia upande wa ndani wa rimu kabla hujaita mtu. Tope ikikauka upande mmoja wa rimu, hiyo gurudumu ishapoteza balansi. Wasee wa kuosha magari wanasafishanga ile sura ya nje inang'aa kwa picha, ndani wanawacha. Ingiza mkono, kwaruza, osha. Ukiwa hapo hapo, chukua spana ya magurudumu ukaze nati zote. Toyota ndogo nyingi zinataka karibu Nm 103, yaani mkono wa msee mmoja kwa spana ya kawaida, sio kurukia na miguu mbili. Nati imelegea inatetema vilevile kama tairi mbovu, tofauti ni kwamba hiyo gurudumu inaweza kukuacha.

Kama bado inatetema, sasa tunaingia barabarani. Na hapa tumebarikiwa. Barabara ya Tirinyi, kutoka Nakalama karibu na Iganga hadi Mbale, ni kama kilomita 100 za tambarare na bonde za mpunga. Kama unatoka Jinja na ndai yako, unapita hapo tu. Tafuta kipande kimenyooka, hakuna lori nyuma, hakuna boda mbele, na uende na beshte mmoja wa kuskiza huku wewe unaendesha. Redio imezimwa. Madirisha juu, alafu madirisha chini.

Panda polepole hadi 80. Kama mtetemo unaanza mahali fulani, tuseme 70, kaa hapo. Ukiwa na gia za mkono, shuka gia moja ukiwa spidi ileile. Injini sasa inazunguka haraka zaidi lakini magurudumu hayajabadilika. Mtetemo ukibadilika na injini, shida iko huko mbele kwa injini, maunti ama klachi. Usipobadilika, basi uko kwa vitu vinazunguka na magurudumu: propela, draivshafti, beringi, rimu, tairi. Umeondoa nusu ya gari kwa lawama na hujatoa hata shilingi. Unaeza pia kuweka nyutro uteleze kidogo, ila injini usizime, juu usukani na breki zitakuwa ngumu.

Sasa hesabu kidogo, usihepe. Tairi ya kawaida ya saluni, ile 195/65 ya rimu 15, inameza karibu mita 2 za barabara kwa mzunguko mmoja. Kwa 80 hiyo ni kama mizunguko 11 kwa sekunde. Propela ya gari ya kuvuta nyuma, tuseme Hiace ile tunaita drone, inazunguka kama mara 4 zaidi kuliko gurudumu juu ya gia za difu, kwa hivyo ni mara 40 na kitu kwa sekunde. Mwili wako unajua hiyo tofauti. Ni kama kadodi ile August ya imbalu: ngoma kubwa inadunda polepole hadi unaihesabu na miguu, ngoma ndogo zinachapa haraka hadi unaskia mrindimo mmoja tu. Mtikisiko wa polepole kwa usukani ni tairi ama rimu ya mbele. Wa polepole kwa kiti, angalia magurudumu ya nyuma. Mrindimo wa haraka kwa sakafu, hadi nyayo zinawasha na kioo cha kati kinachora ukungu, huyo ni propela na familia yake.

Kelele nayo ina tabia zake. Mvumo wa beringi ya gurudumu hupanda na spidi na haujali kama umekanyaga mafuta ama umeachilia. Ukiwa 60 barabara ikiwa wazi, peleka usukani kushoto kidogo, uzito unahamia kulia. Mvumo ukizidi, mshukiwa ni beringi ya kulia. Ukipungua, geuza mashtaka. Tairi imekulwa vibaya pia huvuma, na wasee wengi wamenunua beringi kwa dhambi ya tairi. Tofauti ni kwamba kelele ya tairi hubadilika ukitoka lami mbaya ukaingia lami mpya. Bado huna uhakika? Hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele. Kelele ikihama, umeshika mwizi.

Alafu kuna mfalme wa kelele zote za magari ya kuvuta mbele, jointi ya sivi. Hapa wacha nikae kidogo, juu ndiyo inakula vijana zaidi. Jointi ya nje, ile iko karibu na gurudumu, ndani ina mipira sita ya chuma inateleza kwa njia zake, ndiyo gurudumu likate kona na bado lizunguke sawasawa. Imefungiwa grisi kwa raba yenye mikunjo. Hiyo raba ikipasuka, kila mzunguko unarusha grisi nje na kuvuta vumbi ndani. Ukitaka kuiona, geuza usukani hadi mwisho, lala chini na tochi. Utapata mstari mweusi wa grisi umechorwa kwa ukuta wa ndani wa rimu na kwa shoki. Chukua kidogo na kidole, sugua na kidole gumba. Grisi nzima inateleza tu. Ukiskia kitu inakwaruza kwa ngozi, huo ni mchanga wa Mbale, na ishaanza kusaga mipira.

Raba ikiwa imepasuka juzi na jointi bado iko kimya, osha, weka grisi mpya ya jointi yenyewe, funga raba mpya. Kazi rahisi. Ukingoja hadi ianze tak-tak-tak kwa kona, raba haisaidii tena, unanunua jointi ama shafti nzima. Hapo ndipo mimi hukosana na wasee. Unamwambia leo raba imepasuka, anasema "bado inaenda." Kwenda inaenda.

Jointi ya ndani, ya upande wa gia boksi, haigongi kona. Yake ni kutikisa gari kushoto na kulia ukikanyaga mafuta, hasa mlima, alafu ukiachilia inatulia. Ndai ikikufanyia hivyo ukipanda Kapchorwa na ikishuka inakuwa malaika, usipoteze doo kwa balansi ya tairi.

Cheki sasa vile stori inabadilika ukifika gereji.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, kijana. Gari ina nini?"

"Inagonga nikikata kona polepole na nikiwa nimekanyaga mafuta. Ikienda moja kwa moja iko kimya. Rivasi pia inagonga nikiwa nimefunga usukani."

Mzee hatauliza ya pili. Ataenda chini na tochi, atashika draivshafti, ataizungusha mbele nyuma akipima uchezaji. Kazi imeanza mahali pake.

Kuna na ule mlio mmoja, "duf," ukitoa D ukaweka R. Hiyo mara nyingi ni maunti ya injini ama ya gia boksi imekatika raba, na kuipima ni watu wawili: mmoja ndani anashika breki na hanbreki kabisa, anabadilisha gia bila kukanyaga mafuta, mwingine amefungua boneti anaangalia injini kutoka kando. Kando, nimesema, sio mbele ya bampa. Injini ikiruka, umepata jibu. Kwa drone na pikapu, hiyo duf inaweza kuwa krosi za propela zimekauka ama meno ya difu yameachana.

Propela, kama lazima itolewe, ina siri moja inachoma wengi. Pande zake mbili zimefungwa kwa mpangilio, uma wa mbele na uma wa nyuma zikiangaliana. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, mzunguko unaongezeka na kupungua spidi mara mbili kwa kila raundi, na uma wa pili upo hapo kufuta kosa la wa kwanza. Fundi akirudisha imehama meno machache, krosi mpya kabisa zitatetema kuliko zile mbovu. Kwa hivyo kabla ya boliti ya kwanza kutoka, kopa kyuteksi ya sistako, chora alama kwa kila kiungo. Ikirudi, alama zilingane. Ile ya pinki hata chini ya mafuta inaonekana.

Difu nayo hulia juu, kama mluzi, na hubadilika ukikanyaga na ukiachilia. Kabla hujafungua gia, fungua oili. July 2022, usiku wa tarehe 30 kuingia 31, Nabuyonga na Namatala zilipofurika, maji ilibeba watu na nyumba hapa Mbale, na gari nyingi zililala ndani ya maji. Difu ina kipumuo juu yake. Ikiwa imepata joto alafu izame kwa maji baridi, inavuta maji ndani. Oili inageuka nyeupe-nyeupe, beringi zinaanza kula kutu, na mluzi unakuja miezi baadaye wakati umesahau mvua. Ukinunua ndai ya mtu hapa, mwaga kidogo oili ya difu uone rangi, na uangalie boliti ya kumwagia kama ina vipande vya chuma. Unga mwembamba si mbaya. Vipande vya kushikika ni ngori. Na oili ya GL-5 ya difu usiimimine kwa gia boksi ya mkono iliyoandikwa GL-4, dawa zake za sulfuri zinaweza kula shaba ya ndani.

Watoto wa Forester, nyinyi nawajua. Turbo, ekzosi kubwa, na tairi mbili mpya mbele, mbili zimeisha nyuma. Subaru ya kuvuta magurudumu yote inataka tairi nne saizi moja na zilizoisha sawa. Zikitofautiana, mfumo wa katikati unapigana na nafsi yake kila mita, unachemka. Ukifunga usukani na kuzunguka polepole kwa lami, ndai inakazana na kurukaruka kama imeshikwa breki. Anza na tairi, kabla hujauziwa gia boksi.

Pale Jinja, Kiira Motors wana kiwanda cha mabasi ya umeme ya Kayoola. Wasee wanasema umeme utamaliza hizi stori. Klachi itaenda, sawa. Lakini beringi zinabaki, na bila injini ya kufunika, utaskia kila mvumo kutoka siku ya kwanza.

Spea zenyewe, za Kisekka Kampala ama za kuvushwa kutoka Kenya, zishike mkononi kabla hazijafungwa. Shafti ya mtumba, kunja jointi, zungusha, skiza kama kuna mahali inakwama, fungua raba uone grisi. Chini ya ndai iliyoshikwa na jeki pekee, hakuna mtu kuingia, weka stendi ama magogo. Fundi akimaliza, mpatie nusu ya doo, ingia naye ndani, redio imezimwa, murudi kile kipande cha barabara, spidi ileile, kona ileile. Nusu ingine inatoka mkirudi.