Thunderbird Inakula RAM Yote? Cheki Venye Utaitibu Kabla Ununue Laptopu Ingine

Wasee wa mboka za mtandaoni, hii ni yenu. Unafungua Thunderbird asubuhi usome barua pepe za klayenti, unaiacha wazi, unaendelea na mambo yako. Kufika saa nane mchana feni inanguruma kama nduthi ikipanda mlima, mausi inaruka-ruka, na kazi uliyokuwa unachapa imeganda katikati ya sentensi. Dedilaini ni saa kumi. Ukiuliza mafundi wa tao, wengi jibu lao ni moja: ongeza RAM, ama ununue mashini ingine.

Tulia kwanza, usitoe doh. Mara nyingi shida iko ndani ya Thunderbird yenyewe, na unaweza kuitibu bure ukijipatia masaa mawili matatu ya wikendi. Ila kuna batani moja huko ndani ukiibonyeza bila kusoma, barua pepe zako zinaenda na hazirudi. Kwa hivyo fuata huu mpangilio mos mos, usiruke.

KWANI MBONA INAKULA HIVYO?

Fikiria kibanda cha mama mboga. Nyanya zilizopangwa mezani ndizo mteja anachukua chap chap. Zile za kwa gunia huko nyuma zipo, lakini lazima mtu ainame, afungue, atoe. RAM ndiyo meza, diski ndiyo gunia. Meza ikijaa, kila kitu kinaanza kutolewa na kurudishwa kwa gunia, na hapo ndipo mashini inaanza kujivuta.

Sasa Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Disemba 2004, imejengwa juu ya injini ile ile ya Firefox. Barua pepe nyingi siku hizi zimeundwa kama tovuti: picha, rangi, batani. Ukifungua moja, ni kama umefungua ukurasa wa intaneti. Ongeza kalenda, akaunti nne, na folda yenye barua elfu arobaini, halafu ujiulize meza itabakisha nafasi ya nini.

Na kama laptopu yako ni ile ya mtumba ya GB 4, kumbuka Windows 11 peke yake inataka angalau GB 4 ndio ikubali kuingia. Yaani umeanza mechi tayari umefungwa bao.

HATUA YA 1: PIMA, USIBAHATISHE

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwa Windows itatokea "Task Manager". Tafuta Thunderbird na uandike namba ya memori mahali. Ifanye mara tatu: ukiifungua tu, baada ya saa moja, na baada ya masaa matatu.

Megabaiti mia kadhaa kwa msee wa akaunti mbili tatu ni kawaida. Namba ikipanda halafu ikatulia, hiyo pia ni kawaida, programu inaweka vitu karibu ili ifanye kazi haraka. Noma ni ikipita gigabaiti moja na nusu na bado inapanda huku wewe hata hujaigusa. Hapo kuna kitu kinavuja.

Cheki pia nani mwingine yuko mezani. Ukipata brauza yako iko na tabu thelathini na imekula mara tatu ya Thunderbird, basi umekuwa ukilaumu mtu asiye na makosa.

Kitu ingine: kama umeongeza akaunti mpya jana, ama umepata apdeti kubwa, ipe siku moja. Iko busy kushusha na kupanga barua. Kelele hiyo itaisha yenyewe.

HATUA YA 2: WEKA NAKALA

Hii usiruke hata kama una haraka. Fungua menyu ya mistari mitatu, ingia "Help", halafu "Troubleshooting Information". Tafuta palipoandikwa "Profile Folder", ufungue hiyo folda. Barua zako, akaunti, anwani, kila kitu kinaishi hapo. Sasa funga Thunderbird kabisa, halafu unakili folda yote kwa flashi ama diski ya nje.

Kama akaunti yako ni ya POP, hii hatua ndiyo maisha yako. POP inaweza kuwa imeshusha barua na kuzitoa kwa seva, kwa hivyo nakala ya pekee duniani iko kwa hiyo laptopu. IMAP inaacha barua kwa seva, lakini hata hapo, nakala haijawahi kuua mtu.

HATUA YA 3: IFUNGUE BILA MIZIGO

Rudi "Help", chagua "Troubleshoot Mode". Itajifunga na kufunguka ikiwa imezima programu-jalizi zote. Ikikuletea kadirisha kenye viboksi, usitie tiki popote, bonyeza ile ya kuendelea tu. Viboksi vyenyewe vinabadilisha mipangilio moja kwa moja, na sasa hivi sisi tunapima tu.

Itumie hivyo masaa matatu, upime tena. Namba ikishuka sana, umeshika mwizi: mara nyingi ni moja ya programu-jalizi. Ifungue kawaida, ingia "Add-ons and Themes", uzime zote, halafu uwashe moja baada ya nyingine ukipima kila mara. Ndiyo, inachosha. Lakini ukiwasha tano kwa mpigo hutajua nani alifanya nini. Zile uliziweka kitambo na hata hukumbuki zinafanya nini, toa tu.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapa. Hii hali pia inazima msaada wa kadi ya picha. Kwa hivyo kama umezima programu-jalizi zote na bado shida iko, ingia "Settings", sehemu ya "General", utoe tiki kwa "Use hardware acceleration when available". Anzisha upya, upime. Isiposaidia, irudishe.

HATUA YA 4: FUNGA TABU

Kila barua unabonyeza mara mbili inaweza kufunguka kwa tabu yake. Na Thunderbird iko na kumbukumbu ya ndovu: ukiifunga na tabu ishirini, kesho inakufungulia zile zile ishirini. Kuna wasee wanabeba tabu za mwezi uliopita na hawajui.

Zifunge zote ubaki na ya kwanza. Halafu ingia "Settings", "Reading & Display", utaona mahali unachagua barua zifunguke wapi. Chagua dirisha moja linalotumika tena na tena, na hutawahi kurundika hizo vitu.

HATUA YA 5: INBOKSI SI STOO

Hapa ndipo wengi wetu tunachomeka. Kila folda iko na kafaili kadogo kanaishia na .msf, ambako kanaweka orodha ya barua zote: nani katuma, lini, kichwa ni gani. Ukifungua folda, hiyo orodha inaletwa mezani. Kwa hivyo kinachouma zaidi ni idadi ya barua kwa folda moja. Folda ya barua elfu mbili inafunguka kama kawaida. Ya elfu themanini inavuta gunia lote.

Dawa ni kugawanya. Chagua barua za zamani, bonyeza herufi A kwa kibodi, na Thunderbird inazipeleka kumbukumbu, ikizipanga kwa mwaka. Hazijapotea, zimetoka tu mlangoni. Wacha inboksi ibaki na miezi michache ya karibuni.

Ukimaliza, ingia "File", bonyeza "Compact Folders". Ukifuta barua, kwa mpangilio wa kawaida Thunderbird haiitoi hapo hapo, inaiwekea alama tu ya kwamba imefutwa. Kubana folda ndiko kunaitoa ukweli. Hii inaokoa diski kuliko RAM, lakini folda nyepesi inasomeka haraka.

Na kama folda moja ndiyo inaganda kila ukiigusa, orodha yake imeharibika. Ibonyeze upande wa kulia wa mausi, chagua "Properties", halafu "Repair Folder". Itaandika orodha upya. Kwa IMAP hii inaweza kushusha barua tena kutoka kwa seva, kwa hivyo usiifanye na bando ya mbao. Tafuta waifai.

HATUA YA 6: WA GMAIL, MKO NA MAPACHA

Gmail haitumii folda, inatumia lebo. Thunderbird inaona kila lebo kama folda. Matokeo? Barua moja inaonekana kwa inboksi, inaonekana tena kwa lebo ya kazi, halafu inaonekana kwa "All Mail", ambayo ina karibu kila kitu tangu ufungue akaunti.

Ingia Gmail kwa brauza, fungua mipangilio, sehemu ya lebo. Utaona "Show in IMAP" kando ya kila moja. Toa tiki kwa "All Mail" na lebo zile huhitaji kuona kwa kompyuta. Barua zinabaki Gmail, hazijaguswa. Kwa mipangilio hiyo hiyo, sehemu ya POP na IMAP, unaweza kuambia Gmail isionyeshe zaidi ya barua 1,000, 2,000, 5,000 ama 10,000 kwa kila folda. Kwa mashini ya GB 4, hiyo peke yake inaweza kubadilisha maisha.

BATANI YA KUOGOPA

Ukiwa kwa "Account Settings", kuna ukurasa unaitwa "Synchronization & Storage". Sehemu ya juu ni salama: unachagua kushusha barua za siku za karibuni tu, mfano siku 90, na za zamani zinabaki kwa seva.

Sasa shuka chini kidogo, sehemu ya nafasi ya diski. Hapo kuna chaguo la kufuta barua zote isipokuwa za karibuni. Watu wanaona kama ni kitu kile kile. Si kile kile. Hilo chaguo linafuta barua kwa kompyuta NA kwa seva, milele. Mkataba wako wa 2021, risiti, barua ya klayenti akikubali bei, zote kwaheri. Hakikisha imebaki kwa "Don't delete any messages", halafu uondoke hapo pole pole.

HATUA YA 7: MPANGAJI WA FAHARISI

Thunderbird iko na kijana wa ndani anayesoma kila barua ili ukitafuta neno likuje haraka. Kazi yake anaiweka kwa faili inaitwa global-messages-db.sqlite. Hiyo faili ikivimba ama ikiharibika, kijana anazunguka bila kumaliza, na RAM inaenda na yeye.

Funga Thunderbird kabisa, ingia ile folda ya profaili, utoe hiyo faili moja tu. Usiguse jirani zake. Ukifungua tena itaundwa upya, na kwa masaa kadhaa mashini itakuwa busy, kwa hivyo ifanye usiku ukienda kulala.

Kama laptopu ni dhaifu sana, unaweza kumzima kabisa: "Settings", "General", toa tiki kwa "Enable Global Search and Indexer". Utapoteza lile sanduku kubwa la kutafuta, lakini kuchuja ndani ya folda bado kutafanya kazi, na Ctrl, Shift na F bado inakutafutia.

HATUA YA 8: MASWALI YA MWISHO

Bado? Angalia hizi haraka haraka. Apdeti: ingia "Help", "About Thunderbird", uone kama uko na toleo jipya, ju kuvuja kwingi huzibwa kwa apdeti. Kalenda za mtandaoni na milisho ya habari: zima zile hutumii. Antivairasi: zingine zinapekua folda ya profaili kila barua ikiingia, zikigeuza dakika kuwa saa. Unaweza kuiambia iruke hiyo folda, lakini basi kaa macho na viambatisho vya watu huwajui.

Kwa wale wanapenda kuchimba, kwa ile "Troubleshooting Information" kuna kiungo cha about:memory. Bonyeza "Measure" uone kila sehemu imekula kiasi gani, ama "Minimize memory usage" irudishe ile haina kazi nayo. Namba ikishuka sana halafu ikapanda tena bila sababu, chukua hiyo ripoti uipeleke kwa wale wanaotengeneza Thunderbird. Ni watu wa programu huria, ripoti yenye namba inawasaidia kuliko malalamishi.

SASA, UNUNUE RAM AMA USINUNUE?

Ukifanya hizi zote na Thunderbird ikabaki kwa megabaiti mia kadhaa, lakini mashini bado inajivuta, basi ukweli ni kwamba meza ni ndogo. Kutoka GB 4 kwenda 8 utaisikia hiyo tofauti siku ya kwanza. Kabla utoe ganji, uliza kama laptopu yako iko na nafasi ya kuongeza, ju zingine RAM imechomelewa kwa bodi na haitoki.

Lakini angalau utakuwa unaenda kwa fundi na namba mkononi. Akisema "hii ni vairasi, tufomati," unamwonyesha vipimo vyako vitatu, unamuuliza taratibu vairasi iko wapi.

Kama kuna msee kwa mbogi yenu laptopu yake inapumua kama mgonjwa, mtumie hii. Na mwambie aanze na hatua ya pili.